Kigae kilichovunjika kama biskuti: kisa cha katani iliyokatwa fupi

Simu ilipigwa Jumapili jioni, mvua za masika zikielekea ukingoni. Kikundi cha akina mama na vijana wilayani Muheza kilikuwa kimeezeka ghala la zana na banda la kuku kwa vigae vya saruji na katani walivyofyatua wenyewe. Masika ya kwanza yalipita salama. Ya pili yalipofika, vigae vikaanza kuvunjika. Embe likidondoka, kigae kinapasuka. Kijana akiegemeza ngazi, vinakwenda viwili kwa mpigo.

"Fundi, tumeuziwa saruji mbovu," alisema mama mwenyekiti. "Njoo ujionee. Kinavunjika kama biskuti."

Nilikwenda. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu siku hizi wengi wanachanganya katani, usumba au nyuzi za migomba na saruji, na wengine na rezini, ile gundi ya plastiki inayoganda ikawa ngumu, na karibu kila anayenitafuta huuliza swali lilelile: niweke kiasi gani? Ni wachache mno wanaouliza: niikate urefu gani? Vigae vya Muheza viliharibikia hapo, na viliharibika mara mbili, kwa njia mbili tofauti.

Kwanza walivyovitengeneza. Kigae kilikuwa na urefu wa sentimita 50, upana 25, unene sentimita 1. Saruji kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu. Katani gramu kumi hivi kwa kila kigae, iliyookotwa kwenye mabaki ya kiwanda cha mkonge jirani, ikakatwakatwa kwa panga juu ya gogo mpaka ikafikia urefu wa sentimita 1, sawa na ukucha wa kidole gumba. Ilimwagwa kwenye mchanganyiko, ikakorogwa kwa sepetu, ikatandazwa kwenye meza ya kutetemesha, kisha chapati ile mbichi ikalazwa juu ya kalibu lenye mgongo ili kigae kipate umbo. Kazi ilikuwa safi. Walifunika kwa magunia na kumwagilia maji wiki nzima, jambo ambalo mafundi wengi wa mjini hawalifanyi.

Nilikaa barazani na rundo la vipande vilivyovunjika na kioo cha kukuzia. Mahali pa kuanzia ni sura ya mvunjiko, kwa sababu kigae kilichovunjika hakifichi kitu. Kwenye ukingo wa kipande niliona ndevu fupi za katani zimechomoza, milimita mbili, milimita tatu, si zaidi. Kipande mwenzake, upande wa pili wa ufa, kilikuwa na vitundu vidogo vya duara, kama mshono uliofumuliwa. Kisha nikatazama ncha za zile ndevu. Singa, yaani uzi mmoja wa mkonge, ikivutwa mpaka ikakatika, ncha yake hufumuka na kuchanua kama ncha ya kamba iliyochakaa. Hizi zilikuwa na ncha butu, zilizokatwa sawasawa. Ilikuwa alama ya panga.

Hapo nilimwita mama mwenyekiti aone mwenyewe. Hakuna singa hata moja iliyokatika. Kigae kilipopasuka, singa zote ziliteleza zikatoka kwenye matundu yake. Saruji iliziachia kabla hazijafanya kazi.

Saruji yenyewe niliikwaruza kwa msumari na haikumong'onyoka, nikagonga kigae kizima kikatoa mlio wa kengele. Haikuwa mbovu. Lakini sikutaka waniamini kwa maneno tu, kwa hiyo tulipanga kipimo nitakachokieleza baadaye.

Nyuzi ndani ya saruji, au ndani ya rezini, hazifanyi kazi kama kamba iliyofungwa fundo pande zote mbili. Hazina fundo. Kinachozishika ni msuguano na mgandamano wa ngozi ya singa na kile kilichoizunguka, milimita kwa milimita. Ufa ukipita, singa inayouvuka huwa na mkia upande huu na mkia upande ule, na mzigo inaoweza kubeba unaamuliwa na mkia mfupi zaidi. Huo ndio utakaochomoka kwanza. Na kwa kuwa ufa hauchagui mahali pa kupita, mara nyingine utakata katikati ya singa, mara nyingine karibu na ncha. Ukichukua wastani, mkia mfupi ni robo ya urefu wa singa. Singa ya sentimita 1 ina wastani wa mkia wa milimita 2.5. Ndizo zile ndevu nilizoziona kwenye mvunjiko.

Sasa tupige hesabu. Singa ya mkonge ina unene wa takriban milimita 0.2, na nguvu yake ya kuvutwa ni kama niutoni 500 kwa kila milimita ya mraba (niutoni 10 ni kama uzito wa kilo moja). Ipo dhaifu kuliko hiyo na ipo imara zaidi, lakini tuifanyie kazi hiyo. Singa moja kwa hiyo inaweza kubeba kilo 1.6 hivi kabla ya kukatika. Si haba kwa kitu chembamba kiasi hicho. Upande wa mshiko, saruji huishika katani kwa unyonge, tukadirie niutoni 0.5 kwa milimita ya mraba. Mkia wa milimita 2.5 kwa mshiko huo unachomoka ukivutwa kwa mzigo wa gramu 80. Yaani singa yenye uwezo wa kilo moja na nusu ilikuwa inafanya kazi ya gramu 80, sehemu moja ya ishirini. Sehemu kumi na tisa zilizobaki zilitupwa kwa panga juu ya gogo.

Ili singa hiyohiyo itumike nguvu zake zote ndani ya saruji hii, inahitaji mkia wa milimita 50 kila upande wa ufa, jumla milimita 100. Urefu huo ndio wahandisi huuita urefu mkomo. Wataalamu wawili, Kelly na Tyson, waliufafanua mwaka 1965 wakichunguza shaba iliyotiwa nyuzi za tangsteni, lakini kanuni ni ileile kwa mkonge: nguvu ya uzi mara unene wake, gawanya kwa mshiko mara mbili. Chini ya urefu huo uzi huchomoka. Juu yake hukatika, maana yake umetoa kila ulichokuwa nacho.

Nilimuuliza kijana aliyekuwa mkataji, kwa nini sentimita 1? Akanijibu bila kusita kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye karakana ya faibaglasi mjini, na kule walijaribu kuweka katani kwenye rezini ya poliesta badala ya nyuzi za kioo, wakaikata hivyohivyo, na vitu vikatoka vizuri. Jibu lake lilinifurahisha, kwa sababu hakubuni. Alijifunza jambo la kweli na akalihamishia mahali ambapo si la kweli.

Rezini si saruji. Poliesta hupenya kwenye mikunjo ya singa na kuishika, ikiwa kavu na safi, kwa niutoni 5 hivi kwa milimita ya mraba, mara kumi ya makadirio yetu ya saruji. Weka namba hiyo kwenye kanuni ileile na urefu mkomo unashuka kutoka milimita 100 hadi 10. Ndani ya rezini, singa ya sentimita 1 iko pale mpakani, na kwa wastani inatoa nusu ya uwezo wake. Ukiifanya sentimita 3 inatoa asilimia 83. Kutoka hapo kuongeza urefu kunakupa kidogo sana: sentimita 10 zinakufikisha asilimia 95 tu, na wakati huo singa zimeanza kusokotana na kuacha mifuko ya hewa ambayo rezini haikufika. Kwa hiyo hakuna "urefu sahihi wa katani". Kuna urefu sahihi wa katani ndani ya kitu fulani. Singa ileile, panga lilelile. Kule inatosha, huku ni sawa na kutia pumba.

Na hata ndani ya rezini ukizidi kuifupisha utajuta. Kata milimita 3, uitawanye ovyo kila upande, ijaze sehemu ya tano ya ujazo. Katani inayokuwa hivyo huchangia niutoni 5 au 6 kwa milimita ya mraba, huku ukiwa umeondoa rezini ambayo peke yake ingechangia kama 10. Umelipia katani, umeikata kwa jasho, na umepata kitu dhaifu kuliko rezini tupu. Nimeona watu wakihitimisha kutokana na matokeo kama hayo kwamba mkonge haufai. Hukumu hiyo huniuma, maana singa hazikupewa nafasi.

Turudi Muheza. Siku ileile tulifyatua mabamba bapa, bila kuyalaza kwenye kalibu, ili kipimo kiwe chepesi. Aina tatu: saruji na mchanga bila katani yoyote, katani ya sentimita 1, na katani ndefu ya sentimita 45, uzito uleule wa gramu kumi, isiyokorogwa bali iliyochanwa kwa chanuo na kulazwa kwa mkono kufuata urefu wa bamba, karibu na uso wa chini. Uso wa chini ndio unaovutwa kigae kinapolemewa kutoka juu. Singa ya katikati ya unene haisaidii sana, na ya juu karibu haisaidii kabisa. Tulisubiri siku 28.

Niliporudi tuliweka mabenchi mawili, bamba likavuka katikati yake kama daraja, ndoo ya lita ishirini ikaning'inizwa kwa kamba katikati ya bamba. Mama mmoja akawa anamimina mchanga kwa kopo, polepole. Bamba tupu lilikatika ndoo ikiwa imepita nusu. Lilikatika ghafla, ndoo ikaanguka, kuku wakatawanyika. La katani fupi lilikatika karibu palepale, tofauti haikufika kopo moja. Nilimwona kijana mkataji akilitazama lile bamba kimya. Lilipofika la katani ndefu, tulisikia mlio wa ufa karibu kwenye kiwango kilekile cha mchanga. Bamba likanepa kama unene wa kidole.

"Limepasuka!" alisema mama mwenyekiti.

"Limepasuka, mama, lakini halijavunjika. Endelea kumimina."

Akamimina mpaka ndoo ikajaa.

Katani ndefu haikuzuia ufa. Ufa wa kwanza ni wa saruji, na kwa kiasi kidogo cha nyuzi kama hiki utatokea karibu mahali palepale, uwe na singa au usiwe nazo. Kinachobadilika ni kile kinachofuata. Kigae cha singa fupi kikipasuka kimekwisha. Cha singa ndefu kikipasuka kinaanza kazi yake ya pili, na anayepita chini yake ana muda wa kukiona na kukibadilisha.

Je, ile katani fupi ilikuwa haina kazi kabisa? Hapana, na hapa lazima nizitendee haki karakana za zamani. Vigae vya saruji na nyuzi vilienea katika nchi nyingi zinazoendelea miaka ya 1980, na vingi vilitumia mkonge uliokatwa sentimita 1 au 2. Singa hizo zilikuwa na kazi wakati chapati ikiwa mbichi: huizuia isichanike inapolazwa kwenye mgongo wa kalibu, na hupunguza nyufa za kukauka katika saa za mwanzo. Saruji mbichi ni laini, kwa hiyo nguvu inayotakiwa ni ndogo na singa fupi inaimudu. Saruji ikishakomaa, kazi yake imekwisha. Ndiyo maana mwishoni mwa muongo huo watengenezaji wengi waliacha nyuzi kabisa, wakapanga vizuri mchanga na kokoto ndogo, na vigae vikawa imara vilevile.

Kufikia hapo ningeweza kuwaambia wakate ndefu, walaze kwa mkono, nikaaga. Lakini siku ya kwanza kuna kitu nilikiona ambacho hesabu ya mkia haikukieleza.

Upande mmoja wa paa ulikuwa chini ya mwembe, hauoni jua, una kuvu na unyevu mwaka mzima. Upande wa pili ulikuwa juani. Nilichokonoa singa kutoka vipande vya pande zote mbili. Za upande wa juani zilikuwa na rangi ya manjano na nikizivuta kwa kucha zilikuwa na ukakamavu. Za upande wa mwembe zilikuwa kahawia, na nilipozisugua kati ya kidole gumba na cha shahada ziligeuka vumbi.

Tulikuwa na mzee mmoja pale, aliyefanya kazi ujana wake wote kwenye korona ya shamba la mkonge, ule mtambo unaokamua majani ili katani itoke. Nilimwamkia, nikamwonyesha. Aliitazama sana. "Hii haijaoza," alisema. "Katani iliyooza hunuka, na huwa na utelezi. Hii imeachana."

Imeachana. Singa ya mkonge tunayoiona kama uzi mmoja wa mita moja, kwa hakika ni kitita cha seli ndogondogo. Kila seli ina urefu wa milimita 3 hivi, nyembamba mno, zimelala kwa kupishana kama matofali ya ukuta, na kilichozigandisha ni lignini na hemiselulosi. Maji yaliyomo kwenye vinyweleo vya saruji yana alkali kali, pH yake hupita 12. Penye unyevu wa kudumu alkali hiyo huila ile gundi. Seli zinabaki nzima, ila hazishikani tena. Hans-Erik Gram wa Sweden aliyaeleza haya mwaka 1983 katika utafiti wake kuhusu uimara wa nyuzi za asili ndani ya zege, na hitimisho lake lilikuwa hilo: singa ndefu huvunjika kuwa vipande vingi vidogo na kupoteza uwezo wa kuimarisha. Mzee wa korona alilisema kwa neno moja.

Kwa hiyo upande wa mwembe, saruji ilikuwa inafanya kazi ya panga. Ungeweka katani ya sentimita 45 leo, baada ya miaka kadhaa ya unyevu ungekuwa na katani ya milimita 3, imejipanga vizuri mahali ulipoilaza, na haishiki chochote. Urefu wa kuutilia maanani ni ule utakaobaki umeshikana siku ufa utakapokuja.

Hilo likabadilisha ushauri wangu. Kufyatua upya kwa saruji tupu na katani ndefu kungewapa vigae vizuri vya miaka michache. Dawa inayojulikana ni kupunguza alkali yenyewe kwa kuweka mahali pa sehemu ya saruji kitu chenye silika inayokula chokaa: majivu ya volkano, au majivu ya pumba za mpunga. Mpunga haukosekani mkoani Tanga, na pumba zake mara nyingi huteketezwa hovyo. Tulizichoma kwenye pipa lililotobolewa, kwa moto wa taratibu. Moto ukizidi sana, nyuzi joto 700 na kuendelea, silika hugeuka fuwele na kuzubaa. Majivu mazuri yalitoka kijivu chepesi, yakatwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Theluthi ya saruji ikaondoka, majivu yakaingia. Mchanganyiko huo hukomaa taratibu, kwa hiyo vigae vilikaa chini ya magunia mabichi wiki tatu badala ya moja.

Kuhusu katani, waliacha kuokota mabaki. Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893 kwa mkono wa Richard Hindorf, Mjerumani, miche 62 tu ikiwa imesalimika kati ya elfu moja aliyoagiza, na tangu hapo soko lake kubwa lilikuwa kamba. Ndiyo maana madaraja ya katani huhesabu sana urefu. Daraja la kwanza huanzia sentimita 90. Sisi hatukuhitaji hizo. Singa ya sentimita 60 ukiipunguza ncha inakutosha kwa kigae cha 50, kwa hiyo walinunua daraja la chini, lile linaloshushwa bei zaidi kwa rangi na madoa. Rangi ndani ya saruji haina maana. Usafi unao: walizifua singa kwa maji na kuzianika, kwani makapi ya jani yaliyokauka juu ya singa hupunguza mshiko, na sukari iliyobaki huchelewesha saruji kukamata.

Mpaka leo kuna wanaonipinga kwamba singa ndefu ni dhaifu kuliko fupi, na wana hoja. Ukiweka singa ya sentimita 1 na ya sentimita 10 kwenye mashine ya kuvuta, ndefu hukatika mapema, kwa kuwa kamba hukatikia pabovu, na kadiri kamba ilivyo ndefu ndivyo ilivyo na nafasi ya kuwa na pabovu. Ni kweli kwenye mashine, ambako ncha zimebanwa kwa chuma. Ndani ya kigae hakuna anayezibana. Singa fupi iliyo imara, inayochomoka kwa gramu 80, haifikii kamwe mahali ambapo uimara wake ungeulizwa.

Kazi mpya ni ya polepole. Kukoroga katani fupi ni dakika chache; kuichana na kuilaza kwa mkono, tabaka nyembamba la saruji, singa, kisha tabaka la pili, kunachukua mara tatu ya muda huo, na vijana walilalamika. Kijana mkataji ndiye aliyepata njia: alitengeneza fremu ya mbao yenye misumari pande mbili, singa zinapitishwa kati ya misumari, zinalala zimenyooka, fremu inawekwa juu ya meza na kuondolewa baada ya kutetemesha kidogo. Panga akalirudisha shambani.

Upande wa mwembe uliezekwa upya wote, matawi yakapunguzwa ili jua lipite. Upande wa juani waliviacha vigae vya zamani, kila kinachovunjika kinabadilishwa. Lile bamba la majaribio lililopasuka bila kuvunjika limewekwa ndani ya ghala, limelazwa juu ya matofali mawili na tofali la tatu juu yake katikati. Ufa wake unaonekana wazi, unapitisha wembe. Nilipopita mara ya mwisho lilikuwa bado limelibeba.